Dawa Niliyomtumia Kaka Yako

Gongoni, Tabora
Baada ya alasiri

Mwanangu Zaituni,

Salamu utazipata kesho stesheni kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa hiyo hapa naziruka. Uani mama yako na shangazi yako wanakukaangia vitumbua vya safari, na tangu mchana wanabishana kama sweta mbili zinatosha Ulaya au hazitoshi. Habari za sweta, za chakula, za swala, za kutotembea ovyo na watu usiowajua, wao wameshakwambia zote, na najua masikio yako yamechoka. Sitakuongezea. Mimi nimekaa hapa dukani, nimesukuma pembeni kanzu ya bwana harusi wa Ijumaa, nakuandikia juu ya meza ya cherehani.

Nataka kukueleza habari za dawa nilizomtumia kaka yako Rajabu alipokuwa Bara Hindi. Najua utasema, "Baba, mimi nilikuwepo." Kweli ulikuwepo. Lakini lipo jambo moja katika habari zile nililokuficha miaka yote hii, na siwezi kukuacha ufike Dar es Salaam, upande meli ya kwenda Uingereza, bila kukwambia.

Unakumbuka Rajabu alivyopata nafasi ya kusomea kilimo Bombay. Mtaa mzima wa Gongoni ulimsindikiza. Mimi ni fundi cherehani, mtoto wa mpagazi. Baba yangu, yaani babu yako ambaye hukumkuta, alikwenda pwani kwa miguu mara nne na jino la ndovu begani, kutoka hapa Tabora hadi Bagamoyo, na kurudi na vitambaa. Aliporudi alisimulia kila alichokiona: bahari, majumba ya mawe, Waarabu na farasi zao. Alichoumia hakusimulia hata siku moja. Nilipokuwa mkubwa nikamwuliza kidonda chake cha mguuni alikipatia wapi. Akanijibu, "Njiani." Basi. Baadaye ndipo nilipoelewa. Katika misafara ile, mpagazi aliyesema anaumwa mzigo wake ulipewa mwingine, na yeye akaachwa kwenye kijiji kisichokuwa chake. Kwa hiyo walijifunza kutosema. Naye akanilea hivyo, na mimi nikawalea ninyi hivyo, nikidhani ndiyo uanaume. Hata wewe binti nilikulea hivyo, ila kwako haikushika. Namshukuru Mungu.

Barua ya kwanza ya Rajabu kuomba dawa ilikuja kabla hajamaliza mwaka. Wakati ule herufi hizi za kizungu ninazokuandikia leo zilikuwa zinanishinda. Mimi nilisoma za Kiarabu chuoni kwa mwalimu wetu, kwa hiyo wewe ndiye uliyekuwa macho yangu na mkono wangu. Ukirudi shule unaketi pale kwenye kigoda, unanisomea, kisha nasema na wewe unaandika. Rajabu alisema chakula cha kule kina pilipili nyingi, kinampa kiungulia, akaomba nimtumie ule unga mweupe wa tumbo unaouzwa kwenye kopo la buluu dukani kwa Bwana Damji.

Nilifurahi! Nikuambie ukweli, mwanangu, nilifurahi kupita kiasi. Mtoto amefika ng'ambo, yuko na wasomi, na bado anamhitaji baba yake. Nilikwenda kwa Damji siku ile ile. Nikanunua makopo mawili, na juu yake nikaongeza vidonge vya maumivu. Yeye hakuviomba. Nilijisemea, tumbo likiuma na kichwa kitauma. Nikayafunga vizuri, nikakata kipande kipya cha kitambaa cha amerikani, nikakishona kwa mkono, mshono wa karibu karibu kama wa kanzu ya sikukuu, nikagonga lakiri nyekundu kila pembe. Sidhani kama posta ya Tabora ilikuwa imewahi kuona kifurushi kilichoshonwa namna ile.

Pale posta karani akaniuliza, "Fundi, ndani mna nini?"

Angeweza kunisikia hata kama ningesema polepole. Lakini nilisema kwa sauti ya kufika mpaka mlangoni: "Dawa! Dawa ya mwanangu aliyeko Bombay, chuoni."

Watu waliokuwa kwenye foleni wakageuka. Mzee mmoja akaniamkia kwa heshima ambayo hakuwahi kunipa. Nikatoka pale natembea kama liwali.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Kila baada ya wiki chache barua ilikuja, na kila barua iliomba unga. Kwanza makopo mawili, kisha manne. Na kila kifurushi nilitia vidonge vyangu, kwa sababu aliandika kwamba vinamsaidia kulala. Siku moja Damji alinitazama nikipanga makopo kwenye kaunta yake, akacheka.

"Fundi Hamisi," akasema, "dawa hii inatoka wapi, unajua?"

"Inatoka kwako."

"Inatoka Bombay. Tazama, imeandikwa hapa chini. Imepanda meli, imepanda treni, imefika kwangu. Sasa wewe unairudisha Bombay kwa posta. Kwani kule maduka yamefungwa?"

"Mtoto amezoea ya nyumbani."

"Kopo ni lile lile, unga ni ule ule." Akaacha kucheka. "Mwulize kwa nini hanunui huko. Mimi ni mfanyabiashara, napenda ununue. Lakini mwulize."

Sikumwuliza. Niliudhika, Zaituni. Nilihisi mtu huyu anataka kuninyang'anya kitu changu. Kama dawa inapatikana pale nje ya chuo, basi mimi na mshono wangu na lakiri yangu tuna kazi gani?

Wewe ulikuwa na miaka kumi na minne, na uliuliza swali lile lile bila kuambiwa na Damji. Nakumbuka ulikuwa umeshika kalamu, nami nasema maneno ya kuandika, ukainua kichwa.

"Baba, kaka anaumwa nini?"

"Tumbo."

"Tumbo sehemu gani? Linauma kabla ya kula au baada ya kula?"

"Tumbo ni tumbo. Andika."

"Huu ni mwezi wa nane tangu aanze kuumwa. Pilipili haiwezi kumuumiza mtu miezi minane."

"Zaituni, andika."

Ukaandika. Kumbe usiku ule ule, au asubuhi yake, sijui, ukachukua karatasi yako mwenyewe, ukamwandikia maswali yako, ukakikunja kikaratasi na kukitia ndani ya kopo la unga, chini ya kifuniko, kabla sijakishona kifurushi. Nililijua jambo hili kwa sababu mama yako aliniambia baada ya kifurushi kuondoka, tena aliniambia kwa kujisifu, akidhani nitafurahi. Nikawaka. Nilikwambia umemfedhehesha kaka yako, umeingilia mambo ya watu wazima, na tangu siku ile barua nikampa jirani aniandikie. Ulisimama pale mlangoni hukulia. Ulisema tu, "Haya, Baba," ukaenda kuchota maji. Nilikuona una kiburi. Leo nasema ulikuwa na haki, nami nilikuwa mjinga.

Sasa ndiyo nafika kwenye lile nililolificha.

Barua ya Rajabu ya kujibu kikaratasi chako ilikuja kwa ndege. Niliikuta posta, kwenye sanduku letu. Juu ya bahasha kulikuwa na jina lako, si langu. Hata mimi, kwa uchache wa kusoma kwangu, niliweza kulitambua jina la mtoto wangu. Kwa mara ya kwanza tangu aondoke, mwanangu ameandika nyumbani na hakuniandikia mimi.

Sikukupa, Zaituni. Niliitia barua ile kwenye mtoto wa meza hii ninayoandikia, chini ya vifungo na bobini za uzi. Sikuifungua, maana si yangu, lakini sikukupa pia. Siku ya kwanza nilijiambia nitakupa jioni. Siku ya pili nikajiambia wewe bado unahitaji kufunzwa adabu. Siku ya tatu nilikuwa naona haya kwa sababu ya siku mbili za kwanza. Ikakaa siku nne. Siku ya tano mama yako alitafuta vifungo vya shati akaiona. Hakunigombeza. Aliiweka tu juu ya kitambaa nilichokuwa nakikata, akasema, "Mpe mtoto barua yake."

Ulipoipokea nilikwambia imefika leo. Huo ndio uongo wangu. Wewe uliifurahia barua mpaka ukanisamehe kwa mambo yote, ukaketi kwenye kigoda ukanisomea kwa sauti kana kwamba hatujawahi kugombana. Ulisoma salamu. Ulisoma habari za mvua. Kisha ukaishusha barua magotini.

"Endelea," nikasema.

"Anasema anatapika, Baba. Anasema choo chake ni cheusi kama lami, na akisimama upesi anaanguka. Anasema nisikwambie."

Nilitaka kusema atapoa, tutamtumia dawa nyingine. Naam, mwanangu, hata hapo mkono wangu ulikuwa tayari unatafuta amerikani. Ukasimama.

"Si dawa, Baba. Simu. Twende posta tupige simu ya maandishi, leo."

"Tumwambie aende hospitali."

"Tukimwambia yeye hataenda. Tumpelekee mkuu wa chuo."

"Watamfukuza! Watasema ni mgonjwa, watampa mwingine nafasi yake."

Ukanitazama. Maneno uliyosema hujui ni mara ngapi nimeyarudia moyoni nikiwa peke yangu. Ulisema, "Baba, akikosa masomo atarudi nyumbani. Akifa hatarudi."

Nikavaa kofia yangu. Tulikwenda tukikimbia kwa miguu, mimi na wewe, mchana wa jua kali, na watu wa Gongoni wakatutazama. Wewe uliandika maneno yale kwa Kiingereza pale kaunta bila kusita, karani akayasoma, akakutazama, akakuita "dada". Safari hiyo sikusema neno kwa sauti.

Yaliyofuata unayajua, lakini acha niyaandike. Mkuu wa chuo alimwita Rajabu ofisini. Rajabu akasema hana neno, ni kiungulia tu. Mzee yule, Mungu amjalie, hakumsikiliza. Alimpakia kwenye gari lake mwenyewe akampeleka hospitali, na usiku ule ule, akiwa kitandani na madaktari wapo karibu, kidonda cha tumboni kikapasuka akatapika damu. Wakampasua. Siku mbili tulikaa hatujui. Mama yako hakula. Kisha ikaja simu ya maneno machache, nawe ukaisoma kwanza kimya kimya, ukaanguka magotini kwake na kusema, "Mzima. Mama, ni mzima."

Alipopata nguvu Rajabu alituandikia. Alisema muuza dawa wa karibu na chuo alikuwa amemwuzia unga ule mara mbili tatu, halafu akakataa. Alimwambia, "Sikuuzii tena mpaka uonane na daktari." Rajabu aliogopa daktari atampa barua ya kurudishwa nyumbani. Ndipo akakumbuka kwamba anaye mtu mmoja duniani atakayempelekea dawa ile bila kumwuliza kitu. Mtu huyo ni mimi. Na daktari alisema vile vidonge vya maumivu vilizidi kumchoma ndani. Unga aliuomba yeye. Vidonge niliviongeza mimi, kwa mapenzi.

Alipoteza mwaka mmoja wa masomo, akaupata, akamaliza. Leo ni bwana shamba, anawafundisha watu wa Bukene kulima pamba, ana mke, ana mtoto anayekimbia. Lakini akivua shati kisimani naliona kovu lake, na kila nikiliona nahesabu zile siku nne. Sijui zilimgharimu nini. Pengine hazikumgharimu kitu. Pengine kidonda kingetibiwa kabla ya kupasuka. Mtu wa kuniambia hayupo. Yeye nilishamweleza, mwaka aliorudi, tukiwa njiani kutoka msikitini. Alisimama, akacheka kidogo, akasema, "Baba, mimi mwenyewe nilificha miezi minane, wewe siku nne tu." Akanisamehe. Bado wewe. Barua ilikuwa yako, na uongo niliusema mbele yako. Nakuomba radhi.

Swali lako ndilo lililomwokoa kaka yako, mwanangu, na sijawahi kukwambia. Nimewaambia wengine. Ulipochaguliwa kwenda kusomea uuguzi, mjomba wako alikuja hapa dukani akakaa saa nzima. Akasema, "Hamisi, binti wa Kiislamu aende Ulaya kuosha miili ya Wazungu? Watu watasema nini?" Nilimjibu, "Watu watasema Hamisi ana binti ambaye, akiwa mtoto, aliuliza swali ambalo mimi na wazee wenzangu hatukuwa na akili ya kuuliza. Acha akajifunze kuliuliza vizuri zaidi." Mjomba wako akanywa kahawa yake akaondoka. Tangu hapo hajarudia.

Nilimpeleka Rajabu ng'ambo kwa majivuno. Nilitaka nionekane. Wewe nakupeleka kwa fahari, na hivi viwili nimechukua nusu ya umri wangu kuvitofautisha. Majivuno yalikuwa juu yangu mimi. Fahari ninayoisikia leo haina habari na mimi. Ningekuona unapita barabarani nisijue ni mtoto wa nani, bado ningesimama kukutazama.

Huko uendako utaumwa. Kila mtu huumwa ugenini: kifua, kichwa, tumbo, na ule ugonjwa wa kukumbuka kwenu ambao hauna kopo. Utataka mafuta ya kuchua ya hapa, utataka chumvi ya haluli ya kusafisha tumbo aliyokuwa akikunywesha mama yako, hata kama ng'ambo ya barabara wanauza iliyo bora. Andika, nitakutumia. Sitaki uogope kuomba. Nitaishona kwa mshono wangu wa karibu karibu, maana kushona ndiko ninakokujua. Ila safari hii kabla ya kwenda kwa Damji nitakuuliza: panauma wapi, tangu lini, na nani mwingine unayemficha. Nisipouliza, jua nimezeeka vibaya, uniandikie kunikumbusha. Na ukiona ninakuletea kitu ambacho hukukiomba, kitupe.

Naye mgonjwa wako, Mzungu au mtu mweusi, atakapokwambia "tumbo tu, dada," ukumbuke nyuma yake yupo baba mahali fulani anayempelekea dawa kwa posta, hajui lolote, na anafurahi.

Nakaribia mwisho wa karatasi, na lipo moja ambalo hata mama yako halijui. Jicho langu la kushoto halioni, Zaituni. Lilianza kama moshi, mwaka jana wakati wa mavuno. Sasa ni kama shuka jeupe. Uzi naupitisha kwenye sindano kwa jicho la kulia na kwa kupapasa. Nimekuwa nikinunua maji ya macho dukani, kichupa baada ya kichupa, na kumwambia Damji ni ya mteja.

Barua hii nitampa kaka yako, anayekusindikiza mpaka Dar es Salaam, akukabidhi mkishapita stesheni ya Malongwe, ili usije ukashuka. Usishuke. Ukirudi nyumbani kwa ajili ya jicho langu nitakasirika kuliko nilivyokasirika siku ile. Kesho tukitoka stesheni, kabla hatujafika nyumbani, nitamwambia mama yako. Jumatatu atanishika mkono anipeleke hospitali, na nitamwambia daktari tangu lini na imekuwaje, bila kupunguza. Akisema litapona, nitakuandikia. Akisema limekwisha, nitakuandikia hivyo hivyo, kwa mkono wangu, siku ile ile.

Nimetangulia mimi kusema. Sasa na wewe usinifiche.

Ni mimi baba yako anayekuombea kila swala,

Hamisi, fundi